Kesi Moja, Mtu Mmoja, Hukumu Mbili

Ndugu msikilizaji, karatasi ya mashitaka huanza kwa maneno ya kutisha. Hapa kwetu huandikwa "Jamhuri dhidi ya" fulani. Kule Marekani, kama kosa linalodaiwa ni la kuvunja sheria za jimbo, huandikwa "Jimbo la Florida dhidi ya" fulani, au "Jimbo la Texas dhidi ya" fulani. Upande mmoja wa karatasi hiyo ipo serikali nzima, na polisi wake, wapelelezi wake, wanasheria wake na magereza yake. Upande wa pili lipo jina la mtu mmoja.

Leo nataka tuzungumze juu ya huyo mtu wa upande wa pili. Ana nini mkononi? Anaweza kufanya nini? Na akishindwa, anapoteza nini?

Nimelichagua jambo hili kwa sababu ya swali la msikilizaji mmoja wa hapa mjini. Kijana wa nduguye yuko Marekani, amekamatwa dukani, ameshitakiwa mahakamani na jimbo. Ameambiwa kwamba akikiri kosa atapewa kifungo cha nje na kwenda zake nyumbani siku hiyo hiyo. Familia inauliza: akiri ayamalize, au akatae?

Mimi si wakili, ni mwandishi wa habari. Lakini kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kukaa katika mabenchi ya mahakama na kuandika yanayosemwa, na swali hilo nimelisikia kwa sura nyingi. Jibu lake naliona vizuri zaidi nikilipitisha katika historia ya mtu mmoja wa jimbo la Florida, aitwaye Clarence Earl Gideon. Kesi yake inasomwa na wanafunzi wa sheria duniani kote, lakini mwenyewe hakuwa mtu mkubwa hata kidogo.

Kwanza tuelewane juu ya hayo mashitaka ya jimbo. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina sheria zake za jinai, mahakama zake na magereza yake. Juu yake ipo serikali ya shirikisho yenye sheria na mahakama zake nyingine. Wizi, kupigana, kuvunja nyumba na mauaji, kwa kawaida ni mambo ya jimbo. Hata Rais wa Marekani, pamoja na ukubwa wake wote, hana uwezo wa kumsamehe mtu aliyehukumiwa kwa sheria za jimbo. Hayo ni ya gavana, au bodi ya jimbo lenyewe.

Makosa hayo yamegawanywa katika mafungu mawili. Yapo madogo, ambayo kwa kawaida kifungo chake hakizidi mwaka mmoja, tena katika jela ya wilaya. Na yapo makubwa, yenye kifungo cha zaidi ya mwaka katika gereza la jimbo. Tofauti ya mafungu hayo si ya miezi tu. Aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa huitwa mhalifu hata baada ya kutoka gerezani, na alama hiyo humfuata anapotafuta kazi, nyumba ya kupanga, leseni ya biashara, hata haki ya kupiga kura. Katika Florida hiyo hiyo, mpaka mwaka 2018, aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa hakupiga kura tena maisha yake yote isipokuwa gavana na wenzake wamrudishie haki hiyo. Mwaka huo wananchi walipiga kura kuwarudishia wengi wao baada ya kumaliza adhabu. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likaongeza sharti kwamba walipe kwanza faini na gharama zote walizotozwa mahakamani. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa amemaliza kifungo miaka mingi iliyopita, naye bado anakilipia.

Sasa turudi kwa Gideon.

Alizaliwa mwaka 1910 katika jimbo la Missouri. Aliondoka kwao akiwa bado kijana mdogo, akawa mtu wa kutangatanga, leo kibarua, kesho mcheza kamari, kesho kutwa gerezani. Alikwisha kufungwa mara kadhaa kwa wizi. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani nawasimulia habari za malaika. Gideon alikuwa mtu ambaye jirani akisikia kitu kimeibwa, jina lake ndilo la kwanza kutajwa.

Tarehe 3 Juni 1961, katika mji wa Panama City, Florida, ukumbi mmoja wa kuchezea pool ulivunjwa alfajiri. Zilichukuliwa sarafu kutoka katika mashine, pamoja na vinywaji kiasi. Shahidi mmoja akasema kwamba mnamo saa 11 na nusu alfajiri alichungulia dirishani akamwona Gideon ndani, kisha akamwona akitoka, akapiga simu, akachukuliwa na teksi. Gideon akakamatwa siku hiyo hiyo, akiwa na sarafu nyingi mfukoni. Jimbo la Florida likamshitaki kwa kuvunja jengo kwa nia ya kuiba. Mali yenyewe ilikuwa ndogo, lakini kuvunja jengo kwa nia hiyo kulihesabiwa kuwa kosa kubwa, na adhabu yake iliweza kufika miaka 5.

Kesi ikaitwa tarehe 4 Agosti 1961. Gideon akasimama mbele ya Jaji Robert McCrary akasema hayuko tayari, kwa sababu hana wakili wala hana fedha za kumlipa, na kwamba anaomba mahakama impatie. Jaji akamjibu kwa upole kwamba anasikitika, lakini sheria ya Florida inamruhusu kumpa mshitakiwa wakili kwa gharama ya jimbo katika kesi za adhabu ya kifo tu. Gideon akasisitiza kwamba ni haki yake kwa mujibu wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Katika hilo hakuwa sahihi, maana wakati huo mahakama hiyo ilikuwa haijasema hivyo.

Tusimame kidogo hapa, kwa sababu sheria ile haikutoka hewani.

Mwaka 1931, katika jimbo la Alabama, vijana 9 weusi walikamatwa katika treni ya mizigo wakasingiziwa kubaka wanawake wawili weupe. Katika muda wa wiki mbili hivi walikuwa wamekwisha kamatwa, kushitakiwa na kusikilizwa, na 8 kati yao wamehukumiwa kifo, bila ya wakili aliyepata nafasi ya kuwatetea ipasavyo. Mwaka 1932 Mahakama ya Juu ikafuta hukumu hizo na kusema kwamba mtu asiyejua sheria, anayekabiliwa na kifo, hawezi kuachwa peke yake. Lakini ilipofika mwaka 1942, kibarua mmoja wa mashambani katika jimbo la Maryland, aliyeshitakiwa kwa unyang'anyi, alipoomba haki hiyo hiyo, mahakama ikakataa. Majaji 6 dhidi ya 3 walisema kwamba katika kesi zisizo za kifo, wakili hutolewa pale tu penye sababu ya pekee, kwa mfano mshitakiwa akiwa hajui kusoma au akili yake ina kasoro. Mmoja wa wale watatu waliopinga aliitwa Hugo Black. Tulishike jina hilo.

Hii ndiyo sababu Gideon alijitetea mwenyewe. Na alijaribu kweli. Alisema na wale wananchi 6 walioapishwa kuamua kesi yake, maana kule si jaji anayeamua kama mtu ana hatia, wala hao si wazee wa baraza wa kutoa ushauri tu. Wao ndio wenye neno la mwisho. Akaita mashahidi wake 8. Akawahoji mashahidi wa serikali. Lakini aliwahoji kama mtu wa mtaani anavyogombana na jirani yake. Hakujua ni swali gani linalobomoa ushahidi na lipi linaloujenga. Yule shahidi wa dirishani, aliyekuwa nguzo ya kesi nzima, akashuka kizimbani karibu vile vile alivyopanda. Gideon akaonekana na hatia, akapewa kifungo cha juu kabisa, miaka 5.

Ndugu msikilizaji, yeyote aliyewahi kukaa katika mahakama zetu ameliona jambo hilo kwa macho. Mshitakiwa anaambiwa, "Una swali kwa shahidi?" Naye badala ya kuuliza anaanza kujieleza: "Mheshimiwa, huyu mtu ananichukia." Hakimu anamkatiza: "Uliza swali." Anajaribu tena, anakatizwa tena. Mwishowe anainamisha kichwa na kusema, "Sina swali." Karani anaandika kwamba mshitakiwa hana swali. Rufani ikikatwa, majaji wa juu watasoma kwamba ushahidi ule haukupingwa. Mwongo na mkweli wote huandikwa maneno yale yale.

Gideon akapelekwa gerezani Raiford. Huko alifanya jambo ambalo mfungwa yeyote angeweza kulifanya, lakini wachache walilifanya kwa ung'ang'anizi kama wake. Alisoma vitabu vya sheria vilivyokuwamo gerezani. Akaiandikia Mahakama ya Juu ya Florida kuomba aachiwe kwa kuwa kifungo chake si halali, ikamkatalia. Ndipo akachukua karatasi za gereza zenye mistari, akaandika kwa penseli, kwa herufi za kuchapa na tahajia za kubahatisha, ombi kwa Mahakama ya Juu ya Marekani kule Washington. Liliwasili Januari 1962. Hoja yake ilikuwa fupi: niliomba wakili, nikanyimwa, kwa hiyo sikusikilizwa kwa haki.

Mahakama ile hupokea maombi mengi ya wafungwa kila mwaka, na mengi hurudi yalikotoka. La Gideon halikurudi. Wakati ule tayari majaji walikuwa wamechoka na kanuni ya mwaka 1942, maana kila mara walilazimika kupima kama mshitakiwa fulani alikuwa mjinga kiasi cha kutosha kustahili wakili. Wakalipokea ombi lake, na kwa kuwa hakuwa na fedha, wakamteulia wakili mmoja mashuhuri wa Washington, Abe Fortas, ambaye miaka michache baadaye alikuja kuwa jaji wa mahakama hiyo hiyo. Mtu aliyenyimwa wakili wa kawaida Panama City sasa akawa na mmoja wa mawakili hodari kuliko wote nchini.

Kisha likatokea jambo ambalo Florida haikulitarajia. Ofisi ya mwanasheria mkuu wa Florida iliyaandikia majimbo mengine kuomba yaiunge mkono. Majimbo mawili tu yalikubali. Majimbo 22 yaliunga mkono upande wa mfungwa. Yalisema wazi kwamba kanuni ya zamani haifai na ifutwe. Wakuu wa mashitaka wenyewe, watu ambao kazi yao ni kuwafunga wengine, walitaka mshitakiwa awe na wakili.

Shauri lilisikilizwa Januari 1963, na tarehe 18 Machi 1963 hukumu ikatoka. Majaji wote 9 walikuwa na kauli moja. Aliyeisoma ni Hugo Black, yule yule aliyepinga mwaka 1942, na ambaye kwa miaka 21 alisubiri wenzake wamfikie. Alisema, kwa maana ya maneno yake, kwamba serikali hutumia fedha nyingi kuwalipa wanasheria wa kushitaki, na mwenye fedha akishitakiwa hukimbilia kutafuta wakili bora. Hiyo peke yake yaonyesha kwamba wakili katika kesi ya jinai ni hitaji, wala si anasa.

Lakini hukumu ile haikumwachia Gideon huru. Ilisema tu kwamba asikilizwe upya. Wapo waliosema, "Basi, matokeo yatakuwa yale yale, ila safari hii kwa gharama kubwa zaidi." Na hapa ndipo ninapotaka tutege sikio.

Tarehe 5 Agosti 1963 kesi iliitwa tena. Mji ni ule ule. Jaji ni yule yule McCrary. Shitaka ni lile lile, na shahidi mkuu wa serikali ni yule yule wa dirishani. Tofauti ni moja: kando ya Gideon aliketi wakili wa mji huo, Fred Turner, ambaye alikuwa ametumia siku kadhaa kuzunguka akiuliza maswali kabla ya kesi. Turner alimbana shahidi yule juu ya rekodi yake mwenyewe, maana naye alikuwa na doa la wizi wa gari. Akamuuliza alikuwa anafanya nini nje ya ukumbi ule saa ile ya alfajiri. Akawaonyesha wale wananchi 6 kwamba huenda aliyekuwa akichungulia ndiye aliyekuwa akiwalinda wezi halisi. Kisha akamgeukia dereva wa teksi. Dereva huyu alikuwa amesema kwamba Gideon alimwomba asimwambie mtu kwamba amemchukua, neno lililosikika kama la mwizi. Turner akamuuliza kama Gideon aliwahi kusema hivyo siku nyingine. Ndiyo, akajibu dereva, huwa anasema hivyo. Ana matatizo na mkewe.

Swali moja tu, msikilizaji. Dereva yule hakuwa amedanganya mara ya kwanza. Ni kwamba hapakuwa na mtu aliyejua kumuuliza lile la pili.

Wale wananchi 6 walitoka kwenda kushauriana. Baada ya saa moja hivi walirudi na jibu: hana hatia. Gideon, ambaye alikwisha kukaa kifungoni miaka miwili, akatoka mlangoni akiwa mtu huru. Alifariki mwaka 1972, maskini kama alivyoishi.

Hukumu yake haikuishia kwake. Katika Florida peke yake, ilipofika Januari 1964, wafungwa karibu 1,000 walikuwa wamekwisha kuachiwa, na mamia ya wengine walikuwa wamerudishwa mahakamani kusikilizwa upya. Jimbo likaanzisha ofisi za mawakili wa umma, wanaolipwa na serikali hiyo hiyo inayoshitaki, ili wasimame upande wa pili wa ile karatasi. Mwaka 1966 mahakama ikaongeza kwamba polisi, kabla ya kumhoji mtu waliyemshika, wamweleze kwamba anaweza kunyamaza na kwamba ana haki ya wakili. Mwaka 1972 haki ya wakili ikafika hata kwenye makosa madogo, pale mtu anapopewa kifungo cha jela.

Sasa naweza kumjibu yule msikilizaji wangu.

Mshitakiwa wa jimbo kule Marekani ana njia kadhaa. Anaweza kunyamaza mbele ya polisi mpaka wakili afike, na kunyamaza huko hakuhesabiwi kuwa kukiri. Anaweza kuomba dhamana, ingawa mahali pengi dhamana ni fedha taslimu, na asiyekuwa nazo humlipa mfanyabiashara wa dhamana sehemu ya fedha hizo ambayo hairudi. Anaweza kukana shitaka na kuitaka serikali ithibitishe neno kwa neno. Anaweza kupitia wakili wake kupatana na upande wa mashitaka, akiri kosa dogo, kubwa lifutwe. Akishindwa, anaweza kukata rufani.

Katika njia zote hizo, inayotumika kuliko nyingine ni ile ya kupatana. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu yenyewe ilitaja kwamba hatia 94 katika kila 100 kwenye mahakama za majimbo zinatokana na watu kukiri wenyewe. Kwa maneno mengine, kesi kama ya Gideon, yenye mashahidi na wananchi 6 wa kuamua, siku hizi ni jambo la nadra. Uamuzi mkubwa wa maisha ya mshitakiwa hufanyika katika korido, katika dakika chache, pale anapoambiwa, "Kiri uende nyumbani."

Na kwa mgeni, nyumbani huko kunaweza kuwa ni kurudishwa kwao. Mwaka 2010 mahakama hiyo iliamua shauri la mzaliwa wa Honduras aliyeishi Marekani kihalali kwa miongo kadhaa na kulitumikia jeshi lake. Alikiri kosa la kusafirisha bangi kwa sababu wakili wake alimwambia asiwe na wasiwasi juu ya uhamiaji. Alipokwisha kukiri, akakuta kosa lile linamfukuzisha nchini. Mahakama ikasema kwamba wakili ana wajibu wa kumweleza mteja mgeni kama kukiri kwake kunaweza kumfanya afukuzwe. Kwa hiyo kijana wetu asikiri neno lolote kabla hajamuuliza wakili wake, na kujibiwa waziwazi, swali hili: nikikiri, kibali changu cha kukaa kitakuwaje? Kifungo cha nje cha leo kinaweza kuwa tiketi ya ndege ya kesho. Kama hana fedha, amwambie jaji. Haki hiyo ililetwa na penseli ya Gideon.

Na hapa kwetu je? Kwa miaka mingi desturi yetu ilifanana na ile ya Florida ya zamani. Wa kesi ya mauaji hupewa wakili. Wa wizi, ujambazi au kubaka, hata akikabiliwa na miaka 30, hujitegemea. Tanzania ilikuwa na sheria ya msaada wa kisheria katika mashauri ya jinai tangu mwaka 1969, iliyoruhusu mshitakiwa apewe wakili pale haki inapodai, lakini ilitumika zaidi kwenye mauaji. Mwaka 2017 ikaja Sheria ya Msaada wa Kisheria iliyopanua mlango, ikawatambua na wasaidizi wa kisheria wa mitaani na vijijini. Katika Mahakama za Mwanzo, mawakili walifungiwa mlango kabisa mpaka mabadiliko ya mwaka 2021 yaliporuhusu waingie pale zinapoongozwa na hakimu mkazi. Wenzetu wa Kenya waliandika katika Katiba yao ya mwaka 2010 kwamba mshitakiwa apewe wakili na serikali kama bila hivyo itatokea dhuluma kubwa.

Kwa mtu wa kawaida wa mjini, mambo matatu yafaa kukaa kichwani. La kwanza, kwa sheria zetu za Tanzania, aliyekiri kosa mbele ya hakimu amejifungia mlango. Kwa kawaida anaweza kukata rufani juu ya adhabu tu, si juu ya hatia. Kwa hiyo usiseme "ni kweli" kwa kuwa umechoka kukaa rumande. La pili, kwa hukumu za mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, siku za kutoa taarifa ya kukata rufani ni chache, 10 tu tangu hukumu, na ombi lenyewe lifuate ndani ya siku 45. La tatu, ukiwa huna wakili, sema hivyo kwa sauti mbele ya hakimu na uombe msaada wa kisheria. Anaweza kukataa. Lakini kumbuka kwamba Gideon aliposema hivyo naye alikataliwa, na maneno yake yalibaki yameandikwa katika kumbukumbu za mahakama. Bila maneno hayo asingekuwa na la kulalamikia baadaye.

Najua wapo watakaosema: tumeibiwa simu, tumevunjiwa nyumba, leo unatuambia kodi zetu zimlipie mwizi wakili? Hasira hiyo naielewa, nami naishi mji huu huu. Lakini tazama tena ile kesi ya Panama City. Kama Gideon hakuvunja ukumbi ule, basi kwa miaka miwili aliyeuvunja alikuwa akitembea mitaani, na mwenye mali akilala akidhani mwizi wake yuko ndani. Hukumu ya kwanza ilimwumiza na aliyeibiwa pia. Upelelezi uliolegea hufichika vizuri sana mbele ya mshitakiwa asiyejua kuuliza. Polisi akijua kwamba ushahidi wake utahojiwa na mtu anayejua, huutafuta kwa bidii zaidi.

Nisiifanye Marekani ionekane pepo. Mawakili wa umma wa kule hulalamika kwamba wamebebeshwa kesi nyingi mno, na wateja wengi huonana nao kwa dakika tu kabla ya kuingia mahakamani. Haki iliyoandikwa na haki iliyolipiwa ni vitu viwili, na kila bajeti ya serikali inapopitishwa yafaa tuulize ni shilingi ngapi zimekwenda kwa wanaoshitaki na ngapi kwa wanaotetea. Na hapa kwetu swali hilo lina wenyewe wa kulijibu, ambao ni wabunge tuliowachagua.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.